Kadi ya Launji Niliyoing'ang'ania

Jamani, hili jambo watu wa mtaa wa Bertrams wanalo tayari, kila mmoja na lake, wengine wanasema nilikamatwa na polisi, wengine wanasema nilikuwa namtoroka mume wangu nikahamie Durban, na kuna mmoja kanisani (namjua, nitamshonea gauni lake kwa sindano butu) anasema nilikutwa na kuku mzima ndani ya sidiria. Sasa bora nilisimulie mwenyewe kwa kinywa changu, maana aibu ukiisimulia wewe mwenyewe angalau unajua inaanzia wapi na inaishia wapi. Kuku mzima hapakuwa. Yalikuwa mabawa tu.

Mnanijua, lakini kwa wasionijua: mimi ni Tausi, mama Keza, fundi cherehani, mtu wa Kigoma. Mume wangu Déo ni Mrundi wa Bujumbura, ni nesi kwenye hospitali moja ya binafsi, tulikutana hapa hapa Johannesburg na tunaishi Troyeville na binti yetu Keza, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri sana, hasa ukiwa unamsema, ila kujibu anajibu Kiingereza. Na tabia yangu ni moja: nikishika jambo, nimeshika. Wapo wanaosema huo ni ukaidi. Mimi nasema ni msimamo.

Basi nyumba yetu ilikuwa imejaa kadi za benki, zile za mkopo zenye zawadi. Hatukuzitafuta, zilikuja zenyewe, unapigiwa simu na dada mwenye sauti ya asali anakwambia "hongera, umechaguliwa," na nani asiyependa kuchaguliwa? Moja ilikuwa inatupa pointi za supamaketi, nyingine ya petroli, nyingine ya sinema (tulienda mara moja, Déo akalala), nyingine sijui hata ilikuwa ya nini, na ya mwisho, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, hiyo ilikuwa inakuruhusu kuingia launji kule uwanja wa ndege, ile sebule ya abiria wakubwa ambako mtu anakaa kwenye kochi, anakula na kunywa bure huku anasubiri ndege yake. Zote zikikata ada yake kila mwezi, kimyakimya, kama panya anayeng'ata huku anapuliza.

Jumapili moja baada ya ibada Déo akazimwaga zote mezani kama karata.

"Mama Keza," akasema, "zinabaki mbili. Tuchague."

"Tuchague," nikasema, nikavuta kiti.

"Ya supamaketi inabaki, maana kula tunakula kila siku. Ya petroli inabaki, maana kazini naenda kila siku. Hizi nyingine kwaheri."

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Sisi tunapanda ndege lini?"

"Tutapanda."

"Lini, mama Keza?"

Sasa hapo ndipo ningenyamaza tukala wali wetu tukalala, lakini jamani ile kadi mimi nilikuwa naipenda. Nitawaambia ukweli. Nchi hii niliingia kwa basi, nikibadilisha basi baada ya basi, nikilala juu ya begi langu kwenye mipaka, nikifukuzwa dirisha hili niende dirisha lile, na miaka yote hii kila ofisi ninayokwenda kuna mlango ambao unafunguliwa kwa wengine, mimi naambiwa subiri pale. Halafu ikaja hii kadi, ina jina langu limechongwa, TAUSI NDUWIMANA, inasema kuna chumba kizuri mahali fulani na wewe unaruhusiwa kuingia. Sikuwahi kuingia. Lakini nilikuwa najua naruhusiwa, na kwa mtu kama mimi hiyo si kitu kidogo.

Hayo sikumwambia Déo. Nilichomwambia ni hivi: "Hii inabaki. Iondoke ya supamaketi." Naye akaanza kucheka, na alipocheka tu, nikaenda kuchukua mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao hata Keza haruhusiwi kukatia karatasi, nikaikata ile kadi ya supamaketi katikati mbele ya macho yake. Jumatatu benki wakaifunga rasmi, pointi zote tulizokusanya tangu Keza anaanza shule zikapotea kama mvuke wa chai.

Déo hakugomba. Afadhali angegomba! Ila tangu siku hiyo kila tukifika kwa keshia wa supamaketi, yule binti akiuliza "mna kadi ya pointi?", mume wangu ananigeukia mimi taratibu, ananitazama, halafu anamjibu yule binti, "Hapana, sisi ni watu wa ndege."

Ndipo nikaapa kwamba ile kadi nyeusi lazima itumike, na itumike hadharani.

Nafasi ikaja na mama mkwe. Mama yake Déo alikuja kututembelea kutoka Bujumbura, mara yake ya kwanza, na mara yangu ya kwanza kumwona kwa macho kwa sababu harusi yetu yeye aliiona kwenye picha. Mwanamke mwembamba, mtaratibu, amekaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, maisha yake yote kwa hiyo Kiswahili chake safi, ila maneno yake machache kama chumvi ya kutiwa kwa vidole. Nikipika, anakula, anasema "asante, mkamwana," basi. Nimemshonea kitenge, ametazama pindo, ametazama mishono, "asante, mkamwana," basi. Nitajuaje kama kanikubali? Majuma yote yale nilikuwa nalala nahesabu makosa yangu, labda ugali ulikuwa mlaini, labda nacheka kwa sauti, labda alitaka mwanawe aoe msichana wa pale jirani ambaye anamjua tangu utotoni.

Siku moja kabla ya kuondoka kwake akanijia jikoni. "Kesho asubuhi," akasema, "unipikie ndagala na ugali, nile nishibe, niende." Na ndagala nilikuwa nazo, dagaa zile za ziwani kwetu kabisa, nazinunua kwa mama mmoja Mkongomani pale Bertrams.

Mtu mwenye akili angejibu ndiyo, mama.

Mimi nikamwambia, "Mama, kesho huli dagaa. Kesho mtu yeyote nyumba hii asile kitu. Kesho utakula kama waziri."

Huo ndio uamuzi mdogo. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Asubuhi tukaingia kwenye kigari chetu na njaa zetu, ndege ilikuwa ya mchana. Mimi nimevaa suti ya kitenge niliyojishonea usiku na mchana, na mkoba mkubwa. Keza nyuma anasema tumbo linamuuma, namwambia vumilia, kuna keki huko. Kila roboti, yaani taa za barabarani, inatushika, Déo anapiga vidole kwenye usukani na pembeni mwa mdomo wake nakiona kitabasamu kidogo. Mama mkwe amekaa mbele ameshika pasipoti yake kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemweleza habari za makochi na chakula cha kila aina, akaitikia, "Haya, mkamwana."

Tukafika, mabegi yakapokelewa, akapewa pasi yake ya kupandia. Mimi nikawaongoza familia nzima kama bata na watoto wake mpaka kwenye mlango wa safari za nje, pale anaposimama yule ofisa wa kwanza, nikaitoa kadi yangu nyeusi na kuishika kwa vidole viwili.

"Tunakwenda launji," nikamwambia.

"Karibuni. Pasi za kupandia ndege?"

Nikaonyesha ya mama mkwe.

"Na zenu?"

"Sisi tunamsindikiza."

Yule baba akaitazama kadi, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa (na upole wake ndio ulioniudhi), "Mama, launji iko ndani, na ndani anaingia anayesafiri tu."

"Basi aingie yeye na kadi yangu, sisi tutarudi nyumbani na njaa yetu."

"Kadi ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi mwenye jina lazima awepo. Na mwenye jina hasafiri." Akanirudishia kadi kwa mikono miwili, nyuma yangu foleni imeshakuwa ndefu, mzungu mmoja anapumua kwa nguvu, Keza anasema kwa Kiingereza, "Mama, please, let's go."

Tukatoka pembeni. Déo akasema, na nasema haki, alisema vizuri bila kejeli, "Mama Keza, kuna mkahawa pale. Tumnunulie mama chakula, tule pamoja, yaishe." Mama mkwe mwenyewe akasema hata chai inatosha. Lakini mimi nilikuwa nakiona kile kitabasamu, na kama hakikuwepo basi nilikiona hivyo hivyo, na nikafikiria nimemshindisha mama wa watu na njaa, nimemnyima ndagala zake, halafu apande ndege akanisimulie Buyenzi nzima kwamba mkamwana wa Johannesburg ni maneno matupu. Hapana.

"Nisubirini hapa," nikasema. "Msisogee."

Nikaenda mpaka kaunta ya kukatia tiketi za ndege za ndani ya nchi.

"Nataka tiketi ya bei ya chini kuliko zote," nikamwambia binti wa pale.

"Kwenda wapi, mama?"

"Popote."

Akaacha kuandika. "Popote?"

"Popote. Iwe ya leo, na iwe sasa hivi."

"Kuna Durban. Na kurudi?"

"Kurudi nitarudi kwa miguu yangu," nikamwambia, na nilikuwa namwambia kweli tupu, maana mpango ulikuwa niingie, niongee na wakubwa wa launji uso kwa uso, wamruhusu mama mkwe aje akae na mimi, ale, nimuage, halafu nitoke zangu nje. Nilidhani ndani ni ndani. Nilidhani ukishapita ule mlango wote mnakuwa ukumbi mmoja, wa Durban na wa Bujumbura. Nikalipa kwa ile kadi nyeusi, na moyoni nikajisifu, si napata pointi?

Kwenye mashine ya ukaguzi nikapiga kelele kama king'ora, kumbe pini zangu za kushonea nilizisahau kwenye upindo wa sketi. Dada mkaguzi akazitoa moja moja huku watu wanatazama. Sikujali. Nikavaa viatu nikaenda mbio mpaka launji, nikamwekea dada wa mlangoni kadi na pasi yangu mbele yake, nikamweleza habari ya mama mkwe.

"Mama mkwe wako anakwenda wapi?"

"Bujumbura."

Akanionea huruma, nikaiona. "Dada, hiyo ni launji nyingine kabisa, upande wa safari za nje. Huku hawezi kuja, na wewe kule huwezi kwenda. Lakini wewe mwenyewe karibu sana."

Na mlango ukafunguka.

Ndugu zangu, ni pazuri. Siwezi kusema uongo, ni pazuri. Zulia linameza nyayo, watu wanaongea chini kama wako wodini, hakuna anayekuuliza umetoka wapi, kijana mmoja kaniita madam, na meza imejaa, sambusa ndogo ndogo, mabawa ya kuku yanametameta kwa asali, vikeki, matunda yamekatwa kama maua. Nikasimama pale machozi yananilengalenga, si kwa furaha. Nimeingia kwenye mlango wangu, peke yangu, na watu wangu wote wako nje na njaa niliyowapa mimi mwenyewe.

Hapo wengine wangekula wakatoka. Mimi nikajiapiza tonge halipiti kooni kwangu kabla ya mama mkwe. Nikachukua sahani, nikaenda pembeni nyuma ya mti wa kwenye chungu, nikafungua mkoba, sambusa zikaingia na leso za karatasi. Nikarudi na sahani ya pili, mabawa. Nikarudi na ya tatu. Nilikuwa napakia kwa utaratibu kabisa, sambusa chini mabawa juu, kama napanga vitambaa kabatini.

"Hawu! Sisi Tausi? Ni wewe?"

Nikafunga zipu hivi kwamba nusura nijikate kidole. Nageuka, namwona Mama Nomvula. Huyu ni mteja wangu mkubwa, mama wa Kizulu mwenye mwili na sauti yake, nilimshonea nguo za harusi ya binti yake, na siku hiyo amevaa koti ambalo vifungo vyake nimevishona kwa mikono hii. (Tuliongea Kiingereza na Kizulu changu cha dukani, lakini nawapa kwa Kiswahili; na hiyo "sisi" kwao ni dada.)

"Unasafiri! Unakwenda wapi?"

Ukweli ulikuwa pale pale, mdomoni, wa maneno matatu tu. Nikasema, "Durban."

"Hawu, na mimi! Ya sasa hivi?"

"Ya sasa hivi," nikasema, sijui kwa nini.

Akapiga makofi kwa furaha. Hapo hapo mfanyakazi wa shirika la ndege akachungulia mlangoni na karatasi yake akaita abiria wa mwisho wa Durban, akaita jina la Mama Nomvula vizuri, halafu akapigana na langu, "Missis Nuduwi... Nuduwimina... Towsie?" launji nzima ikainua vichwa kwenye simu zao, na Mama Nomvula akanishika mkono, akapaza sauti, "Yuko hapa! Tuko wote!"

Nikapelekwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nilipelekwa, ameniingiza mkono kwapani kwake kama bibi harusi, ananisimulia habari za binti yake na mjukuu anayetarajiwa, na mimi naitikia "yebo, mama, yebo," huku nageuka nyuma kila hatua. Tukafika kwenye lango la kupandia, foleni imejaa wafanyabiashara na laptop zao, na hapo akaona navyoukumbatia ule mkoba.

"Unaonekana mzito, nipe nikusaidie."

"Hapana mama, asante."

"Lete, sisi, wewe umenibebea mengi," na akavuta kwa upendo kabisa, na mimi nikavuta, na yeye akavuta, na zipu ile niliyoifunga kwa pupa ikaachia.

Mabawa ndiyo yalikuwa juu. Yakaruka. Moja likatua juu ya kiatu cha bwana mmoja mwenye suti, mengine yakasambaa kwenye zulia la watu, asali na yote. Foleni ikafungua njia kama vile nimemwaga nyoka. Na simu yangu ikaanza kulia, nikaipokea maana jina lilikuwa la Déo, na nilikuwa sina akili nyingine.

"Mama Keza, uko wapi? Wamewaita watu wa ndege ya mama, inabidi aingie sasa."

Na dada wa lango ananyoosha mkono, "Mama, pasi yako tafadhali, tunafunga."

Na Mama Nomvula ameinama anatazama mabawa, anasema, "Sisi... hii ni nini?"

Nikasema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko nilivyotaka, nadhani hata rubani alisikia: "Sisafiri! Siendi Durban! Nilikata tiketi ili niingie launji nimchukulie mama mkwe wangu chakula!"

Akauliza dada wa lango, pole pole kama mtu anayesoma, "Ulikata tiketi ya ndege... ili uchukue sambusa?"

"Na mabawa," nikasema.

Foleni yote ikacheka. Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta, yule bwana wa kiatu alikuwa anafuta macho kwa tai, na kuna waliotoa simu, ndiyo, na video ndiyo hiyo ambayo wengine wenu mnajifanya hamjaiona. Nilitamani sakafu inimeze na mkoba wangu.

Mama Nomvula hakucheka. Alinitazama, akavua kitambaa chake cha kichwani cha hariri, akapiga magoti kwa shida na mwili wake ule, akachungulia mkobani. "Za chini ni safi," akasema. Akazifunga sambusa kwenye hariri yake, akafunga fundo, akanikabidhi. "Mkwe ni mkwe. Kimbia."

Ningekimbia, lakini kumbe mtu aliyepita ukaguzi, akaitwa jina, akakataa kupanda ndege, hatoki hivi hivi. Akaitwa mlinzi, kipande cha mtu, akanishika hapa juu ya kiwiko, tukatembea wote njia ndefu ya kutokea, mimi namsihi aharakishe na yeye ananiambia tulia, mama. Na tulipotokea ukumbini, familia yangu waliona nini? Waliona mama yao analetwa na askari, nywele zimefumuka, mkoba umepasuka, ana asali mpaka kwenye kola.

Keza akaziba mdomo. Déo akaanza kuja. Lakini kabla hajafika, yule mwanamke mwembamba wa maneno machache, ambaye alikuwa ameshasimama mlangoni aingie, akaiacha foleni yake. Alikuja mbio, sandale zinapiga sakafu, akamkamata yule mlinzi shati. Anamfikia kifuani tu!

"Mwache!" akapiga kelele. "Mwache mkamwana wangu! Kafanya nini? Huyu si mwizi! Huyu ananipikia kila siku, huyu ananichemshia maji ya kuoga, huyu ni mtoto wangu, mwache nakwambia!" Halafu akahamia Kirundi, na Kirundi sisi watu wa Kigoma tunakisikia, na mengine siwezi kuyasema mbele yenu. Mlinzi hakuelewa hata neno moja, lakini mkono aliuondoa upesi.

Déo, ambaye alinisikia yote kwenye simu, akamweleza mlinzi, mlinzi akacheka, akaenda zake anatikisa kichwa. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya mama mkwe na kile kifurushi cha hariri. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumuaga, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Yote yamenitoka.

"Mama, samahani," nikasema. "Nimekuletea sambusa."

Akafungua fundo. Sambusa zilikuwa zimepondeka, zingine zimebaki ganda. Akachukua moja akala, amesimama pale pale, watu wanampita huku na huku, akala ya pili, akampa Keza, akampa mwanawe, akaniwekea mimi moja mdomoni kwa mkono wake kama mtoto. Halafu akajifuta.

"Mimi nimekula kwako majuma yote haya," akasema, "nikawa naogopa kusifu. Nilikuwa najiambia, huyu ni mwanamke wa mji mkubwa, sifa za mzee wa Buyenzi atazipeleka wapi? Sasa naona na wewe ulikuwa unaniogopa." Akacheka, mara ya kwanza namsikia, kicheko kikubwa kuliko yeye. "Nikifika nitawaambia mkamwana wangu alikata tiketi ya ndege ili aniletee sambusa. Hawataniamini."

Akaingia. Hata hakugeuka, maana alikuwa amechelewa, ila tuliuona mkono wake juu ya vichwa vya watu unapunga mpaka ukapotea.

Garini Déo aliendesha macho mbele. Tumefika karibu na uwanja wa Ellis Park ndipo akaanza kucheka, na Keza akaanza, na mimi nikasema atakayenicheka ashuke, halafu nikacheka mpaka nikalia.

Tiketi ile haikurudishiwa hata senti, na bado nailipa kidogo kidogo kwa mishono yangu. Kadi ya petroli ipo. Ya supamaketi nimeiomba upya, pointi zimeanza sifuri kama mtoto mchanga, na keshia akiuliza, ninayeitoa ni mimi, kwa heshima zote. Na sheria ya nyumba nimeitunga mwenyewe, imepita bila kupingwa: kadi kabla haijakaa kwetu inaulizwa, wewe utamlisha nani humu ndani, na utamlisha lini? Ikijibu "siku mtakaposafiri," nje.

Ile nyeusi niliipeleka benki kuifunga kwa mkono wangu, sikutaka simu, nilitaka kuona. Dada wa benki akaitazama kompyuta yake, akanitazama, akaniambia kwa ile sauti ya asali, "Mama, kabla hatujafunga, kuna kadi mpya ya ngazi ya juu. Hiyo launji unaingia na wageni wawili. Na wewe umechaguliwa."

Nilitamani, siwafichi. Wageni wawili! Nikashika ukingo wa meza yake kwa mikono yote miwili, nikavuta pumzi.

"Funga," nikamwambia.